Msuko wa Harusi

Tatu alikaa mkekani, barazani kwa msusi wake, Mama Nasra, kati ya magoti yake. Kesho alikuwa anaolewa. Alikuwa ameapa moyoni: leo msusi akiharibu, harudi kwake tena.

"Nataka msuko wa harusi, mama. Usinisuke twende kilioni."

"Nimekusikia, mwanangu."

Twende kilioni ni ule msuko wa harakaharaka ambao wanawake husukana wakiwahi msibani. Tangu amzike Nasra, binti yake wa pekee, Mama Nasra hakusuka mwingine, uombe usiombe. Wateja walishamkimbia, kasoro Tatu.

Vidole vilipotulia, Tatu akainua kioo. Mistari minene ilikuwa imelala kuelekea kisogoni, ileile.

"Mama..."

Mama Nasra akampuliza shingoni kuondoa nywele zilizokatika. "Nasra naye alikuwa hatulii. Umeupenda?"

Tatu akakilaza kioo kifudifudi. "Nimeupenda, mama."

Kwenye kona ya mtaa akaanza kuufumua mstari wa kwanza, kisha akageuka kutazama nyuma. Mama Nasra alikuwa bado kwenye kigoda, chanuo mkononi, magoti yameachana vilevile, kama anayengoja mtu arudi kukaa.