Maiti Mwepesi

Katika kila onyesho la opera ile, Tunu alikufa akiimba. Sauti yake ikizimika huko juu ilikopanda, Mzee Mbarouk, aliyeigiza baba yake, alimkumbatia kifuani na kumtoa jukwaani polepole, gauni refu likiburuzika sakafuni.

Leo, nyuma ya pazia, mzee alikuwa akijisugua kiuno. Msimamizi wa jukwaa alishamwambia: akiyumba tena, kesho maiti atabebwa na kijana.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Biriani, baba. Ulinizaa mwenyewe, utanibeba."

Walicheka, kisha Tunu akaitazama mikono ya mzee. Ni mikono hiyo iliyomwokoa alipokuwa mgeni jukwaani, siku sauti ilipomkatikia katikati ya wimbo. Mzee alimbeba kabla hajafa, akatoka naye huku akilia kwa sauti, na ukumbi ukapiga makofi ukidhani ndivyo hadithi inavyokwisha.

Basi Tunu akaimba, akafa vizuri. Mzee akamnyanyua, akaenda hatua chache, goti likagoma.

Ndani ya gauni, maiti akashusha miguu. Akatembea kwa ncha za vidole, macho kafumba, kichwa begani mwa mzee, mkono wake mmoja umemshika mzee kiuno.

"Mbona mwepesi hivi?" mzee akanong'ona.

"Maiti haulizwi, baba. Twende."

Makofi yakalipuka. Kando ya pazia msimamizi alisimama, macho yake kwenye upindo wa gauni, ambako kidole gumba cha mguu kilikuwa kikichungulia.