Ombi la Wazee Wawili

Magodoro yalikuwa yametapakaa barabara nzima, na wakili alikuwa amebeba moja kichwani huku joho lake jeusi likipepea nyuma.

“Weka pembeni, binti, weka pembeni!” mteja wake alimpigia kelele. Mzee huyo, fundi cherehani mstaafu, alikuwa anaburuta la kwake, suti yake mpya imejaa vumbi, naye anacheka kama aliyetekenywa. Mkewe alikuwa amebaki ndani ya teksi, kachungulia dirishani, akiwaamrisha wote.

Lori lililomwaga mzigo lilikuwa limeziba njia, na mahakama ilikuwa ng’ambo ya mzunguko. Jaji aliyesikiliza ombi lao tangu mwanzo alikuwa anahamishwa. Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Wakichelewa, kesi ingeanza upya mbele ya jaji mwingine, na wakili aliwajua wazee hawa: hawakuwa na moyo wa kusubiri tena.

“Njia imepatikana!” dereva wa teksi alipaza sauti, akasukuma kando godoro la mwisho. “Ingieni, ingieni! Mama, funga mkanda.”

“Nimefunga tangu nyumbani. Wewe rekebisha kola yako, imesimama upande mmoja.” Akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akamrekebishia mwenyewe. Mama huyu alikuwa hivyo. Njiani alikuwa ameshamfuta wakili poda iliyozidi shavuni, na kumkaripia askari wa barabarani kwa kusimama juani bila kunywa maji.

Gari liliondoka kwa mruko. Wakili, aliyekaa mbele, aligeuka nyuma.

“Turudie. Jaji akiuliza kwa nini mnataka kumwasili awe mtoto wenu kisheria, mtasema nini?”

“Kwa sababu ni wetu,” mama alisema.

“Mama, hilo ndilo tunaloliomba. Hatuwezi kulitoa kama sababu.”

“Basi kwa sababu anakula sana, na hakuna mwingine atakayemvumilia.”

Dereva aliangua kicheko mpaka akabonyeza honi bila kukusudia.

“Ana chumba chake,” mzee alidakia, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu. “Afisa ustawi wa jamii alikiona. Nimepaka rangi. Pazia nimeshona mwenyewe.”

“Vizuri sana. Na akigusia umri?”

Serikali ilikuwa imepinga ombi lao kwa hoja hiyo moja tu: umri. Wakili alikuwa amepekua vitabu vya sheria hadi macho yakamuuma, amewasilisha majibu yake, na sasa uamuzi ulikuwa kwa jaji.

“Umri, umri,” mama alinung’unika. “Mimi bado napanda ngazi na ndoo mkononi. Magoti ya baba yake ndiyo yanayolia.”

“Na jaji akikataa?” dereva aliuliza. Alikuwa hacheki tena.

“Wewe tazama barabara,” wakili alimwambia, ingawa swali hilohilo ndilo lililomnyima usingizi.

Getini palikuwa pamejaa magari. “Shukeni hapa, kimbieni!” dereva alisema. Wakakimbia: wakili mbele, joho kalikusanya kiunoni, mama nyuma yake, viatu mkononi, mzee wa mwisho, akiomba radhi kwa kila aliyempiga kikumbo. Waliingia wakihema, karani akiita ombi lao kwa mara ya mwisho.

Jaji, mwanamke mwenye miwani iliyoshukia puani, alilitazama joho lenye vumbi, miguu mitupu ya mama, na suti iliyogandwa na pamba.

“Mmetoka vitani?”

“Magodoroni, Mheshimiwa,” mzee alijibu. Hata wakili wa serikali aliinama kuficha kicheko.

Jaji alifungua jalada. “Nina swali moja kwa waombaji. Mnampenda?”

Wakili alifumba macho. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kila swali isipokuwa hili.

Mama alisimama.

“Aliletwa kwetu kafungwa taulo, Mheshimiwa. Watu wa ustawi wa jamii walituomba tumlaze usiku mmoja tu. Walipokuja kumchukua asubuhi, mume wangu akawaambia bado kalala, wasimwamshe. Wakaja tena, tukawaambia bado kalala. Kila wakija, kalala. Mpaka wakachoka kuja.”

Mzee alipenga kamasi kwa kishindo.

Jaji alivua miwani, akaifuta taratibu kuliko ilivyohitaji. “Serikali inasema wamechelewa,” alisema. “Nimeisoma sheria hii mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mahali inapotaja umri wa kuchelewa. Sikupaona. Ombi limekubaliwa.”

Chumba kililipuka. Mama alimkumbatia wakili, akamkumbatia karani, na kabla hajajua anachofanya akawa amemkumbatia wakili wa serikali pia. Mzee alirukaruka palepale aliposimama, magoti na yote. Wakili alitaka kusema asante, lakini kilio na kicheko vilimjia pamoja, akatoa mlio kama wa filimbi.

Jaji aligonga meza, naye akishindwa kuzuia tabasamu.

“Taratibu, taratibu! Kabla sijatia saini nataka kumwona. Mtoto mwenyewe yuko wapi?”

Wakili alijifuta machozi kwa mkono wa joho.

“Anatafuta pa kuegesha gari, Mheshimiwa.”