Waya wa Darini

Feni ilipoanza kujikokota, Mama Pacha aliinua pasi kutoka kwenye shati, akatega sikio. Ng'ambo ya ukuta, cherehani ya umeme ya jirani ilikuwa ikinguruma.

"Umesikia?" aliita. "Yeye akishona, mimi nazimika. Nilikwambia nini?"

Fundi umeme alikuwa amezama darini hadi kiunoni. Miguu tu ndiyo iliyobaki kwenye ngazi. "Nimesikia, mama. Na pasi nayo ina ulafi wake. Izime kidogo."

"Sizimi. Nataka shati hili liishe."

Lilikuwa shati la mumewe, la kazini. Begi lake mwenyewe lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa zipu. Wale pacha alishawapeleka kwa dada yake tangu asubuhi. Lakini hakutaka aje asemwe kwamba aliondoka akamwachia mume nguo zenye makunyanzi. Kama ni kuondoka, ataondoka na heshima yake.

Hakutulia. Alipitisha pasi mara mbili, akaenda dirishani, akachungulia njia, akarudi. Baba Pacha alikuwa mtu wa kurudi jioni, lakini siku hizi nani ajuaye saa zake? Mambo yake yote yamegeuka. Zamani alirudi na vichekesho vya ofisini. Sasa anakula kimya, anajitupa kitandani. Viatu vimeisha visigino, mtu anayeshinda kitini! Kisanduku cha mita amekipiga kufuli, na ufunguo anatembea nao. Akiambiwa feni inasuasua, aitwe fundi, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: "Fundi wa nini? Nitaangalia mwenyewe."

Na juzi alimkuta nyuma ya nyumba, ananong'onezana na yule mshonaji ukutani. Walipomwona, wakanyamaza. Mshonaji akatazama chini. Mwanamke asiye na kosa hutazama chini kwa lipi?

"Mama," fundi aliita, "kuna waya hapa."

"Darini si ndiko nyumbani kwa waya?"

"Huu ni mgeni. Mpya kabisa. Umeungwa kwenye laini yako, ukapita chini ya bati, ukatobolea ukutani kwa jirani."

Pasi ilibaki hewani.

Kumbe! Wanawe wanafanya kazi za shule kwenye taa inayokonyeza ili yule bibi ashone magauni. Na aliyemgawia umeme ni mumewe mwenyewe, kwa siri, kwa kufuli. Kikulacho ki nguoni mwako; na nguo yenyewe ndiyo hii anayoipiga pasi.

"Umeungwa ovyo ovyo?" aliuliza, akitumaini jibu fulani.

"Hapana. Umeungwa kwa uangalifu sana. Aliyeuunga alitaka udumu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko waya wenyewe.

"Ukate."

Fundi alishusha kichwa, nywele zimejaa vumbi na utando wa buibui. "Ningeiona mita kwanza, mama. Kuna kitu hapa hakijanikaa sawa."

"Ufunguo anao mwenyewe."

"Basi tumngoje mwenyewe."

"Wewe umeitwa na nani?"

"Na wewe, mama. Lakini mimi ni fundi umeme, si fundi wa ndoa. Nyumba ikiwaka moto, usije ukasema ni mkono wangu."

"Imeshawaka siku nyingi. Kata!"

Fundi akaguna, akavaa glavu zake za mpira, akapotea tena juu.

Mama Pacha alisimama katikati ya sebule, akiyapanga maneno. Angeuchukua waya ule, auzungushe mkononi kama kamba ya mbuzi, aende nao mpaka kwenye mlango wa mshonaji, tena kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Shika, shoga. Umeme umekwisha. Mume ndiye huyo, mchukue mzima mzima!" Aliyarudia mara ya pili. Akaigeuza shingo ya shati, akaipiga pasi kwa nguvu kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Juu, bisibisi ililia kidogo.

"Nauchomoa," fundi alisema.

"Chomoa!"

Feni ilizunguka taratibu, ikajivuta tena, ikasimama. Taa nyekundu ya pasi ikazimika. Jikoni, jokofu likashtuka, likanyamaza.

Ng'ambo ya ukuta, cherehani haikunyamaza. Ilipanda sauti, ikakimbia kama iliyotuliwa mzigo.

Fundi alishuka ngazi polepole. Mama Pacha alikuwa bado ameikodolea macho feni pale cherehani ilipokatika ghafla. Mlango wa jirani ukalia, kandambili zikaja mbio, na mshonaji akatokea kizingitini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliiona ngazi. Akauona waya, ncha zake zimevikwa tepu nyeusi, ukichungulia kwenye tundu la dari. Uso ukamchanua.

"Nilijua tu! Mashine imepata nguvu ghafla, nikasema, leo umeme wangu umerudi nyumbani," alisema, akamkumbatia Mama Pacha kwa mikono yote miwili. "Hongera, shoga yangu! Kumbe Baba Pacha ameshapata kazi nyingine?"