Kaa wa Gando Moja

Sheria inataka kila nyumba itunze beseni moja la tope la mikoko, liwe hai. Likifa, mnakatiwa maji. Mtaani kwetu yamekufa yote isipokuwa moja, lenye kaa mmoja, nalo tunapitishiana milango ya uani, nyumba moja mbele ya mkaguzi.

Mkaguzi ni mume wangu, Dakta Mwinyikombo, bingwa wa udongo na viumbe wa bahari. Beseni letu limekauka chini ya sinki. Kila asubuhi hulipiga teke akitafuta viatu vyake, wala hajawahi kuliinamia. Lakini amemkuta kaa yuleyule katika nyumba arobaini, hana gando la kushoto kwa sababu nilimbana kwa mfuniko, akamwandika mara arobaini. Kisha akatoa utafiti: kaa wa mtaa wetu sasa wanazaliwa na gando moja, na tope limepona. Wasomi wenzake wakasimama kumpigia makofi!

Leo mchana amerudi uso unang'aa.

"Wamekubali, mke wangu! Jumamosi tunayamwaga mabeseni yote arobaini ufukweni, kwa pamoja. Hakuna tope jingine lililobaki, lakini haya yanatosha kuifufua bahari."

Jirani yetu, Bi Mwanakheri, alikuwa kwenye mlango wa uani na lile beseni, amelifunika kanga.

"Kwa pamoja, Dakta?"

"Saa tatu kamili."

"Hongera, baba," alisema, akinitazama mimi.

Chini ya kanga, kaa alikwaruza.

"Wasikilizeni," alisema mume wangu, machozi yakimlengalenga. "Sasa wako wengi kweli."