Flashi ya Jioni

Simu ililia mara moja, ikanyamaza. Wangui aliitazama pale mezani, hakuigusa, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Hivyo ndivyo walivyokubaliana na mwanawe Gathogo alipokwenda Uarabuni kulinda maghala. Tajiri wa huko alikuwa amemnyang'anya simu yake nzuri, akabaki na kabambe, kisimu cha bei rahisi cha vitufe, aliyoificha ndani ya godoro, yenye laini yake ya nyumbani. Kama mama angepokea anapopigiwa, krediti yote ingeliwa na safari ya sauti. Kwa hivyo kila jioni, saa ya kukama, Gathogo alipiga flashi moja tu: niko mzima. Wangui akijaribu kumpigia yeye, alikuta simu imezimwa. Alielewa. Kitu kinachowashwa kwa kuibia hakikai kikiwaka.

Mwaka uliopita flashi ilikatika kwa majuma kadhaa. Presha ilimpanda Wangui, akalazwa, akakataa hata uji. Mumewe Muiruri alikaa kando ya kitanda akimshika mkono, mwanamume mzima asiyejua afanye nini. Alipomrudisha nyumbani Dundori, majirani walikuwa wameshaanza kuongea kwa sauti ya chini. Jioni hiyo hiyo simu ikalia mara moja. Wangui aliinuka kitandani, akaomba mukimo.

Na sasa walikuja hawa wa kuungana. Tamka, kampuni ndogo yenye laini ya Gathogo, ilikuwa imemezwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Wakubwa walishikana mikono kwenye televisheni, wakasema wamefunga ndoa kwa faida ya mteja. Mteja mwenyewe hakualikwa harusini. Aliletewa ujumbe tu: kila mwenye laini ya Tamka afike dukani na kitambulisho kabla ya Ijumaa, la sivyo nambari yake itazimwa kabisa.

Wangui alishuka Nakuru asubuhi na mapema, akakuta foleni imezunguka jengo. Mama mmoja wa kuuza mboga kutoka Lanet alikuwa akimwambia kila mtu kwamba wateja wake wote wana nambari hiyo moja, na kila mtu alimjibu kwa kutikisa kichwa, maana kila mtu alikuwa na lake. Hata hasira ilikuwa imewaishia. Jua lilikuwa kali Wangui alipofika kwenye kaunta, mbele ya msichana aliyebandikwa jina la Nasimiyu kifuani.

"Mathe, mwenye laini ako wapi?"

"Ni kijana yangu, Gathogo. Ako Uarabuni. Hawezi kufika hii wiki."

"Basi sina vile nitakusaidia. Sistemu inataka mwenyewe."

"Si uniongeleshee mkubwa wako?"

Nasimiyu alionyesha meza tupu nyuma yake. "Mkubwa alifutwa Jumatatu. Wenye kuamua wako huko nje, na hata sisi hatujui kama tutakuwa hapa Ijumaa."

Wangui alishika kaunta kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakujisumbua kuyafuta. Nasimiyu alimwonea huruma, akaibonyeza ile nambari kwenye kompyuta.

"Ngoja kwanza, mathe. Hii laini haiko kwa jina ya Gathogo. Iko kwa jina ya Muiruri."

"Ndio! Huyo ni baba yake. Alimnunulia kabla apate kitambulisho."

"Basi mwenye laini ni mzee. Mwambie akuje na kitambulisho yake, vile mwenye laini hufanya hata akitaka kadi mpya. Hiyo ni kazi ya dakika mbili."

Wangui alirudi Dundori moyo ukiimba. Muiruri alikuwa nje, akikatakata nyasi za Kairitu, ng'ombe wao ambaye hakubali kukamwa kabla ya kupewa chakula, na hulia mpaka apewe. Wangui alimweleza yote bila kupumua. Panga lilisimama hewani.

"Wacha waifunge," Muiruri akasema.

"Ati nini?"

"Mama Gathogo, mimi nimechoka. Kama ni kampuni inafunga, wacha ifunge. Haitakuwa makosa ya mtu."

Wangui hakuamini masikio yake. Huyu ni mtu aliyelia waziwazi kule uwanja wa ndege, mpaka kijana akaona haya. "Ni mtoto wako!" alimpigia kelele. "Nimebaki na hiyo flashi moja tu, na hiyo pia unataka nikose?"

Muiruri alichukua ndoo, akaelekea zizini nyuma ya jiko, mabega yakiwa yamemwanguka.

Basi Wangui akakata shauri. Leo angeipokea, na krediti iishe ikitaka kuisha. Gathogo mwenyewe angemwamuru baba yake aende Nakuru, maana mke ameshindwa. Alikaa jikoni, simu mkononi, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha kijani. Giza lilikuwa linaanza kuingia mlangoni.

Simu ilipoanza tu kulia, akabonyeza.

"Gathogo! Usikate, mwanangu! Ni mama. Sema hata neno moja tu."

Alisikia mtu akivuta pumzi kwa shida.

Kisha Kairitu akalia akidai chakula chake, ndani ya simu na nyuma ya ukuta wa jikoni.