Pochi ya Mama Adolphine

Dany alifungua pochi ya Mama Adolphine kwenye simu yake kwa mara ya tisa, na kwa mara ya tisa ikamwonyesha sifuri.

Alikuwa ameijenga mwenyewe, hapo mjini Baraka, kwa programu huria ambazo yeyote anaweza kuzichukua bure mtandaoni na kuzirekebisha. Vitufe vyote aliviandika kwa Kiswahili: Pokea, Tuma, Salio. Hata yale maneno kumi na mawili ya siri, yanayofungua pochi kwenye simu yoyote ile, aliyatoa kwenye Kiingereza akayaweka kwa lugha ya nyumbani. Tuseme ukweli, alijivunia kazi ile kupita kiasi.

Benki zilipofungwa kwa ajili ya vita, ndugu walioko ng'ambo walitumia pochi hiyo kutuma sarafu za mtandaoni. Zilikuwa za kumpasua Gentille, binti wa Mama Adolphine aliyekuwa kiongozi wa kwaya ya wamama kule Mboko. Gentille alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema mwezi ukiisha hajapasuliwa, wasihangaike tena.

Sarafu za namna hiyo zikishatoka hazirudi, wala hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Siku tatu Dany alipekua kazi yake mstari kwa mstari, akitafuta tundu alilopitia mwizi. Hakuliona. Jumapili alipanda pikipiki hadi Mboko, akamkuta Mama Adolphine mlangoni mwa kanisa.

"Mama, yale maneno niliyokusomea, uliyaandika fasi, kwa karatasi?"

"Nitaandika aje, mutoto yangu? Mi sijue hata herufi moja."

"Simu je? Ulipatia muntu?"

"Hapana! Iko mu kikapu yangu, na kikapu iko na mi." Mama alikuwa kama ameumizwa na swali. "Ulisema karatasi hapana, picha hapana, nishike na kichwa. Nilisumbuka wiki moja, yalikuwa yanapotea. Sasa nimeshika. Hata uniamushe usiku, nakuambia yote."

Mama wa watu alikuwa amefuata kila alichoelekezwa.

"Basi kosa ni yangu," Dany alisema. "Nilijenga mubaya. Makuta, ile pesa ya Gentille, imeisha yote, mama. Baliiba."

Mama Adolphine hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alijifuta macho kwa pembe ya kitenge, akamshika mkono.

"Ingia tusali kwanza. Bamama bananingojea."

Gentille alikuwa amekaa benchi la mbele, ameegemea ukuta, mkono tumboni. Alimtabasamia Dany kama mtu anayemtabasamia mfadhili wake. Dany aliinamisha kichwa, akatamani ardhi impasukie.

Mchungaji aliwaita wamama wa kwaya. Aliwasifu kwa ule wimbo wao mpya wa mwezi huu, ambao watu walikuwa wameshaurekodi na kuutumiana kwa simu hadi kwenye machimbo ya Misisi. Mama Adolphine alikohoa kidogo, akaanzisha.

Wimbo ulikuwa na maneno kumi na mawili tu, na kanisa zima, hadi watoto, liliyaimba kwa mpangilio uleule ambao Dany alimsomea Mama Adolphine, bila kukosea hata moja.