Msumari wa Kumi na Tisa

Jumanne, saa kumi na moja jioni, lango la msitu lilifungwa na msumari wa kumi na tisa ulikuwa mtupu.

Mama wa langoni aliukagua ubao mara mbili. Kila mgeni anayeingia huchukua kibati chenye namba, na akitoka hukirudisha msumarini. Awe amekwenda kuogelea kwenye maporomoko, kuvuka daraja la kamba au kupanda hadi kileleni na mzigo mgongoni, sheria ni hiyo hiyo. Kibati kisiporudi, mtu hajarudi. Na kisiwa kizima ni milima na miti.

"Kumi na tisa," alisema. "Kuna mtu ndani."

Mzee Dira alikuwa kwenye benchi pembeni, amekaa kama mtu aliyepita tu kusalimia. Alisimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na kiganjani, kimelowa jasho, alikuwa amekibana kibati namba kumi na tisa.

Alikichukua asubuhi, mama wa langoni alipoinama chini ya meza kutafuta sijui nini, akakawia huko.

Kwa miaka thelathini na moja Dira aliwaongoza wageni katika msitu ule. Jina hilo alipewa na wenzake, maana hakuwahi kupoteza mtu hata mmoja. Kisha magoti yakagoma, akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Mkewe alikwishatangulia. Binti yake yuko ng'ambo, hupiga simu akikumbuka. Mwezi wa tatu mwaka huu homa ilimlaza siku nne, na kwa siku zote nne hakuna aliyegonga mlango wake. Alisikia saa ile tu ikigonga.

Siku ya tano alijikongoja hadi langoni, akautazama ubao, na wivu ukamkaba. Mgeni asiyejulikana hata jina akichelewa nusu saa, watu wazima huingia msituni kumwita. Yeye hakuwa na hata kibati.

Basi akajipa. Leo ilikuwa mara ya tatu.

"Mzee, utatusaidia?" aliuliza Kamba, mkuu wa waongoza wageni, pande la mtu lenye sauti ya upole. "Ile njia ya juu bila wewe tutahangaika bure."

"Magoti haya, mwanangu..." Dira alijitia kusita. "Haya, twendeni. Mtu haachwi huko peke yake."

Waliondoka watu sita: Kamba, mama wa langoni, waongozaji wawili, mpishi wa hotelini aliyebeba chupa kubwa ya chai, na Dira. Mama wa langoni alimvalisha sweta alilolitoa kabatini. Lilimkaa barabara.

Walikwenda kwa mwendo wake. Kwenye daraja la kamba, Kamba alimshika mkono kwa mbele na mpishi akamshika kiuno kwa nyuma.

"Nadhani ni yule mama mwenye kofia nyekundu," alisema mpishi.

"Wapi! Ni bwana mmoja mwenye ndevu," alisema Kamba. "Aliniuliza kama ruba wa huku wanauma."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hawaumi, wanabusu tu."

Walicheka. Dira naye alicheka, halafu akakumbuka kwamba anapaswa kuwa na wasiwasi.

"Kumi na tisaaa!" aliita. Bonde likamrudishia sauti yake. Aliita tena kwa nguvu zote, na uchungu ulikuwa wa kweli, maana aliyekuwa akimwita alimjua vizuri.

Penye maporomoko waliketi maweni kupumzika. Mpishi alimimina chai katika vikombe sita. Kamba akamwomba Dira asimulie habari ya yule mgeni aliyepanda mti kumkimbia nyani, akamkuta nyani yuko juu anamngoja. Dira alisimulia, akatia chumvi kidogo. Walicheka hadi machozi, ingawa safari zile mbili zilizopita waliisikia hiyo hiyo.

Aliwatazama mmoja mmoja, na moyo wake ukajaa raha na aibu kwa pamoja. Siku wakigundua watampiga marufuku pale langoni, na hapo atabaki yeye na saa yake. Alikumbuka mgeni mmoja aliyepotea kweli zamani. King'ora kililia, mbwa wakaletwa, na hakuna aliyeketi hata kufunga kamba za viatu. Leo king'ora hakikulia. Pengine ni kibovu, alijiambia, akamshukuru Mungu.

Waliporudi, alijifanya kuteleza kwenye kona ya mwisho, akakidondosha kibati majanini.

"Hiki hapa!" alipaza sauti. "Kumbe alikiangusha tu, akatoka zake!"

Walimpigia makofi. Kamba alimkumbatia mpaka akakosa pumzi. "Dira ni Dira!"

Langoni waliagana mmoja mmoja, kila mtu akashika njia yake. Dira alichelewesha kuvua sweta. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, na hakuwa na hamu nayo.

Mama wa langoni alikifuta kibati tope kwa pindo la koti lake, akakitundika msumarini na kukinyoosha vizuri.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "mwezi ujao kichukue Alhamisi. Jumanne mpishi hupata taabu sana kuomba ruhusa."